Tulivyoutafuta Mto wa Riyadh ili Salma Apate Jina

Tangu nirudi mlango wangu haufungwi. Anaingia Bi Saumu, "Mto uliuona?" Anatoka, anaingia mama Rehema, "Eti mto uliupata?" Chai yangu imekwisha, sukari imekwisha, na bado kuna watu wa Hola na Malindi wanaopiga simu. Basi nimechukua daftari la mjukuu, nimekaa, naandika mara moja tu. Masomo yangu yaliishia darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza, kwa hiyo atakayeona herufi imelala asiiamshe. Asome.

Ya pasi na tiketi siandiki, maana hata mimi sikuyaelewa; niliambiwa weka kidole hapa, nikaweka. Umra yangu nimeshawasimulia. Hii ni habari ya mto peke yake.

Nyinyi mnaujua ukoo wetu, lakini daftari litafika kwa wasiotujua, basi naeleza. Kwetu mtoto ana jina lake la kawaida, kisha ana jina la mto. Kabla hajatimiza siku arobaini, bibi yake humpeleka mtoni akamlowesha miguu, na kitu kikubwa kilichopo hapo ukingoni ndicho kinachokuwa jina. Hatuchagui. Maji yakigusa mguu mara ya kwanza, basi, ni hapo. Mimi ni Mwanahawa Kivuko. Kaka yangu ni Athumani Kiboko, na kiboko mwenyewe alikuwa anatazama. Binti yangu ni Fatuma Mkuyu. Kuna Juma Kibao, kwa sababu wiki ile watu wa mradi walikuwa wamesimika kibao chao pale; mradi ulikufa, kibao kikaoza, Juma yupo. Na mjukuu wangu Zaina, muuguzi wa Riyadh, ambaye nikimtaja wengine wenu hununa, huyo ni Zaina Pampu. Alilowa mbele ya pampu ya shamba la mpunga.

Nimelowesha watoto ishirini na sita kwa mikono hii. Hakuna aliyekosa jina. Kisha Zaina akajifungua binti, Salma, kitukuu wangu wa kwanza, katika nchi ambayo kila mtu aliniambia haina mto.

Nikasema nchi nzima kubwa hivyo, haiwezekani. Nikafunga mzigo.

Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha

Nilishukia Jeddah nikapokewa na Mishi, binti wa Athumani Kiboko. Mishi anafanya kazi za nyumbani huko Al-Nuzha, anaishi humo humo kwa bosi wake, na madam alimruhusu anilaze chumbani kwake siku mbili. Chumba chenyewe nikinyoosha mguu nafungua mlango, nikigeuka nazima taa.

Madam ni mtu mwema ila ana haraka. Husema "yalla", yaani haya twende, hata akimwambia mtu alale. Asubuhi nikamwambia Mishi, "Muulize, mto uko wapi?"

Mishi akauliza. Madam akanitazama kwa huruma, akaniletea chupa ya maji. Nikanywa kwa heshima.

"Mwambie sina kiu. Mto. Maji yanayotembea."

Mishi akasema tena. Madam akanishika mkono, akanipeleka jikoni, akafungua bomba. Akafunga. Akafungua, ili nione vizuri.

"Shangazi," Mishi akasema, "hapa mto hakuna. Nina miaka sita, sijausikia hata kwenye maongezi."

Alasiri akanipeleka baharini. Bahari yao ni nzuri, watu wanatembea na watoto na mahindi ya kuchemsha kwenye vikombe, mtu anayala kwa kijiko kama dawa. Nikateremka kwenye mawe, nikaonja. Chumvi.

"Haihesabiki," nikasema.

"Kwani mguu wa mtoto unaonja, shangazi?"

"Wewe Mishi, baba yako alilowa mbele ya kiboko. Leo wewe unataka kunipunguzia?"

Tukarudi kwa teksi, na njiani gari likapita juu ya mfereji mpana, mpana kama Tana kabisa wakati wa kiangazi, una kingo, una daraja, una kila kitu. Nikapiga kelele, "Simama!" Dereva akasimama, rangi imemtoka, akidhani amekanyaga mtu. Nikashuka nikachungulia. Saruji tupu. Katikati amelala paka.

"Huo ni wa mvua," Mishi akasema. "Mvua ikija ndio unakuwa mto."

"Inakuja lini?"

"Mwaka jana ilikuja."

Siku ile Salma alikuwa na siku thelathini na moja.

Barabarani hadi Riyadh

Basi liliondoka asubuhi, kubwa, safi, na ndani baridi kama tumbo la friji. Nilijifunga khanga tatu. Kiti cha nyuma yangu kulikuwa na kijana mmoja mrefu, aliposikia naomba dua kwa Kiswahili akainama, "Kukhu, habari ya safari?" Kwao bibi ni kukhu. Jina lake Wafula, mtu wa Budalangi, analinda jengo Riyadh. Nikashukuru Mungu, maana kabla ya hapo nilikuwa nimezungumza na kioo tu.

Tulipofika kituo cha mafuta cha kwanza mlango wa basi ukafunguka, na wakati wa kuondoka ukakataa kufunga. Dereva akausukuma. Abiria wakausukuma. Akaja mtu wa mafuta akaupiga teke. Dereva akasema halas, basi, bila mlango haendi, tusubiri basi jingine. Tulisubiri kutoka saa nne hadi saa nane. Nikaswali, nikala, nikaswali tena. Wafula alininunulia wali na kuku kwenye sinia ya karatasi, kiasi cha kulisha wafiwa, na pilipili nzima imekaa juu kama askari. Nikatoa mahamri yangu ya Jeddah, tukagawana na dereva. Huyo dereva aliuma mara moja, akafumba macho, na toka hapo akawa ananiita mama.

Tukabishana mito na Wafula.

"Nzoia yetu, kukhu, ikifurika inakufuata mpaka kwa kitanda. Tunaamka tunakuta samaki kwa sufuria."

"Hamna adabu. Kwetu Tana samaki hupiga hodi kwanza."

"Tana iko na mamba tu!"

"Ndiyo. Na hata mamba wetu wanajua majina ya watu."

Basi la pili likaja. Sasa sikilizeni ajabu. Njia yote ile, kila baada ya mwendo, kibao: wadi fulani, ndilo bonde la mto kwa Kiarabu. Kisha daraja, refu, la nguvu, lina vyuma pembeni. Nainuka kitini, natazama chini: mchanga na ngamia. Kibao kingine, daraja jingine, mchanga, ngamia. Nikahesabu madaraja kumi na moja yasiyo na tone. Watu hawa wamejenga madaraja kwanza, mto watauleta baadaye.

Wafula alinicheka mpaka akapaliwa. Kisha akaniuliza naangalia nini, nikamweleza habari ya Salma na siku zake arobaini. Akaacha kucheka.

"Kukhu, Riyadh kuna bonde moja, Wadi Hanifa. Linapita kando ya mji, kutoka kaskazini mpaka kusini. Huko juu ni kavu. Lakini mimi nilipokuja mara ya kwanza nilikaa Manfuha, tukilala watu wanane kwa chumba. Ijumaa tulikuwa tunateremka bondeni angalau macho yapumzike. Huko chini maji yako. Yanatembea kabisa."

"Unaapa?"

"Naapa na Nzoia."

Kiapo chenyewe kidogo, lakini nilikipokea.

Malaz

Zaina anakaa Malaz, ghorofa ya nne, na mumewe Bakari, mtu wa Lamu, dereva wa lori la mizigo. Nilipofunguliwa mlango nikamwambia Bakari, "Mume wangu, mke mkubwa nimefika, huyu mdogo atupishe." Zaina akasema, "Mchukue, bibi, anakoroma." Ndipo wakanipa Salma.

Sitaki kusema sana. Ana paji la uso la Fatuma Mkuyu, na akipiga chafya anafumba jicho moja kama marehemu mume wangu. Nimeona watoto wengi. Huyu ni mzuri kuliko wenu. Nimemaliza.

Usiku ule ule, kabla hata sijavua viatu, nikasema habari ya mto. Zaina akaweka chini kikombe.

"Bibi, mimi ni Pampu tangu nizaliwe. Chuo cha uuguzi wenzangu walikuwa wakiniona asubuhi wanasema, 'Pampu imewaka?' Siku ya kuhitimu walisoma jina langu lote ukumbi mzima ukacheka. Mama anaitwa Mkuyu, mti, sawa, una heshima. Mimi mashine. Mtoto wangu simtaki katika mchezo huo."

"Si mchezo. Ni jina."

Bakari akauliza taratibu, "Na kama hapo alipolowa kuna jalala, bibi?"

"Ataitwa Jalala."

"Umesikia?" Zaina akamwambia mumewe.

Nitawaambia kilichonichoma. Haikuwa kiburi, ingawa kiburi ninacho. Niliona kwamba Salma akirudi kwetu siku moja, amekuwa mkubwa, watu watamuuliza, "Wewe ni nani wa mtoni?" na hatakuwa na la kujibu. Ishirini na sita wanajibu, yeye atasimama tu kama mgeni kwa bibi yake mwenyewe.

Mwisho Zaina akasema, "Haya. Ukipata mto wa kweli, maji yanayotembea, si bomba, si bahari, Salma apewe jina, na mimi sitasema neno. Usipoupata kabla ya arobaini, ni Salma Bakari peke yake, na hutalizungumza tena."

Akatabasamu. Alidhani ameshashinda. Hakujua nimekaa mbele ya mtu wa Nzoia.

Bakari alikuwa na siku moja ya mapumziko, Ijumaa. Ijumaa hiyo Salma angekuwa na siku thelathini na nane. Hakukuwa na nyingine.

Kaskazini mwa bonde, upande wa Diriyah

Tuliingia bondeni asubuhi. Kwa kweli ni pazuri: mitende mingi, kuta za udongo za zamani, njia ya kutembea, na miamba pande zote mbili. Umbo la mto lipo. Kingo zipo. Tukafika kwenye ukuta mkubwa wa mawe unaozuia maji ya mafuriko. Nikapanda juu, nikatazama upande wa huku, vumbi. Upande wa huko, vumbi.

"Salma Ukuta," Bakari akasema, akarudi nyuma kabla sijamfikia.

Akaenda msikitini kuswali Ijumaa. Zaina akabaki garini ananyonyesha. Mimi nikatembea peke yangu nikiufuata ule mto usiokuwepo, na baada ya kona moja nikawaona wafiwa.

Msicheke. Nyinyi mngeona nini? Chini ya mtende limetandikwa zulia, wamekaa wanawake tisa, nguo nyeusi, kimya. Katikati birika za kahawa na tende. Na mama mmoja mtu mzima, anafuta machozi kwa ncha ya shela. Kwetu hayo ni matanga, hakuna kuuliza. Na mtu hapiti matanga akaendelea na safari kama mbuzi.

Nikavua viatu, nikaingia, nikapiga magoti mbele ya yule mama, nikamshika mikono miwili. Kiarabu changu ni cha madrasa na cha maziko, basi nikasema lile ninalolijua vizuri kuliko yote: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Wanawake wote wakashtuka. Wakaitikia. Yule mama akanikumbatia, akaanza kulia kwa sauti. Nami nikalia, maana nikianza huwa sijizuii, nikamkumbuka mume wangu, nikamkumbuka mbuzi wangu aliyeliwa na mamba, nikatoa machozi ya kweli. Basi wale wengine nao wakalia. Tulilia vizuri sana, kwa muda wa kutosha.

Akatokea nyuma ya mtende mwanamke amebeba sinia la wali. Njeri, mtu wa Nyahururu, kwao bibi ni shosho, anafanya kazi kwa familia ile. Akasimama, sinia mkononi.

"Shosho! Ni nani amekufa?"

"Si nyinyi?"

"Sisi? Sisi tumekuja pikiniki!"

"Na huyu mama analia nini?"

"Alikuwa analia moshi ya kuni! Saa hii analia sababu wewe unalia. Wanafikiria umepoteza mtu wako huko kwa miti!"

Akawatafsiria. Kisha yule mama, Ummu Saad wanamwita, akajipiga paja, akacheka mpaka shela ikaanguka. Akanikalisha pembeni yake, akanimiminia kahawa yao ya manjano, nyepesi, iliki tele. Nikamaliza, akamimina. Nikamaliza, akamimina. Mimi nikaona kuacha kikombe kina kahawa ni utovu wa adabu, yeye akaona kuacha kikombe kitupu ni utovu wa adabu, tukaendelea hivyo, watu wawili wenye adabu zao. Kikombe cha kumi na moja moyo wangu ulikuwa unapiga ngoma.

"Shosho," Njeri akasema, "umetosheka? Tingisha kikombe, ataacha."

Nikatingisha. Akaacha. Kikombe cha kwanza angeniambia!

Nikaeleza shida yangu, Njeri akawa anaipitisha. Ummu Saad akasikiliza hadi mwisho, akasema alizaliwa bonde hili hili, na mto wa hapa ni mgeni: unakuja mara moja, unachukua mbuzi wawili, unaondoka. Lakini kusini, huko Al-Hair, sasa kuna maji mwaka mzima, maziwa kabisa. Akainuka. Akaamuru zulia likunjwe. Mwanawe aliyekuwa anarudi kutoka msikitini akakuta mama yake yuko tayari garini, birika mapajani, anasema yalla.

Kusini, chini ya Manfuha

Sisi tukatangulia, wao wakafuata. Tulipita Manfuha, nyumba kuukuu zimeegemeana, nguo zimeanikwa, watu wa kila taifa, na mahali fulani nikasikia Kiswahili, mtu anagombana na mkewe kwenye simu na mke anashinda. Kisha barabara ikateremka bondeni.

Niliyasikia kabla sijayaona. Maji! Kwa mbali, nyuma ya mitete, shhh, kama mtu anayenyamazisha mtoto. Nikamwambia Bakari asimame. Zaina alikuwa amesinzia kwenye kiti cha nyuma, kinywa wazi. Nikamchukua Salma nikashuka, mbio zangu zile mnazozijua.

Jamani, palikuwa na maji. Vidimbwi vimepangwa mistari, maji yanaruka mawe kutoka kimoja hadi kingine, yanatoa povu, samaki wanaogelea, mabata yanapita kama wenye mali. Yanatembea! Niliinama niwaone samaki. Na Salma, ambaye tangu asubuhi alikuwa anapigana na soksi yake ya kushoto, akaishinda. Soksi ikaenda zake na maji. Nikanyoosha mkono niikamate, nikainama zaidi, na kisigino cha mtoto kikaingia majini. Chote. Salma akashtuka, akavuta pumzi, akafumba jicho moja.

Moyo ukanijaa. Nikafungua mdomo kusema maneno yetu, Bakari akafika anatweta.

"Bibi, nimesoma kibao. Haya maji ni ya mji."

"Naona ni ya mji."

"Ya mji, bibi. Ya bafuni. Ya vyooni. Yameshachujwa kwingine, hapa yanasafishwa tena kwa mawe na samaki, kisha yanaachiwa yaende zake bondeni. Hapa pote ni mtambo."

Nikatazama huku na huku. Kivuko hakuna. Mti mkubwa hakuna. Ni mtambo tu.

Nikafikiria: Kivuko, Mkuyu, Kiboko, kisha Salma Mtambo wa Vyoo. Nilimfikiria Bi Saumu. Unisamehe, Bi Saumu, lakini ulikuwa wa kwanza kuja akilini, vile unavyocheka umeshika mbavu. Nikamfikiria Zaina na ule ukumbi wake wa mahafali.

"Amelowa?" Bakari akauliza.

"Nani?" nikasema. Nikaufunika mguu kwa khanga, nikaukausha humo humo kimyakimya. "Twende maziwani."

Garini Zaina akaamka. "Soksi ya mtoto iko wapi?"

"Imeanguka," nikasema. Ni kweli, ilianguka.

Lakini kwa njia yote iliyobaki sikusema neno, na Bakari akamwuliza mkewe kama ninaumwa.

Maziwa ya Al-Hair

Ummu Saad alikuwa amefika kabla yetu, sijui mwanawe aliendeshaje. Zulia limeshatandikwa. Na maji yale, sijui niwaambieje. Mapana, mitete mirefu kila upande, ndege weupe wamesimama kwa mguu mmoja, jua la alasiri limelala juu yake. Nusura nimtafute kaka yangu na mtumbwi wake.

Zaina alishuka akasimama. Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia hadi magotini, mzazi wa siku thelathini na nane, na mimi sikuweza hata kumfokea. Ana miaka mitano hajasimama mtoni. Alipogeuka alikuwa na sura ile aliyokuwa nayo akiwa na miaka saba, anapotoka kuiba maembe ya jirani.

"Bibi, kumbe upo," akasema. "Kumbe upo kweli. Salma Ziwa! Hilo ni jina, bibi. Mwite hivyo. Mlete."

Mnaona nilivyobanwa? Yeye mwenyewe aliyekataa, sasa anaomba. Jina zuri, laini, mtu analisoma ukumbini na hakuna anayecheka. Aliyeona kile kisigino ni mimi na mabata.

Nikaingia majini na Salma. Ummu Saad na wanawake wake wakasogea ukingoni, Njeri ameshika simu ananipiga picha. Nikamteremsha, miguu miwili ikagusa maji, nikaanza maneno yetu, yale niliyoyasema mara ishirini na sita: "Mto, mtazame huyu. Ni wetu. Amelowa..."

Nikakwama.

"Amelowa hapa kwanza," Zaina akanisaidia. Anayajua maneno.

"Amelowa..." nikasema tena. Ulimi ukawa mzito kama nimeukalia. Wale ishirini na sita wote niliwaambia kweli. Juma Kibao nilimwambia kweli! Nikitia uongo kwa huyu mmoja, ni nani atakayeamini lile la kiboko?

"Hapana," nikasema. "Amelowa kule. Kisigino cha kushoto. Kwenye ule mtambo wa maji ya vyoo, wewe ukiwa umelala. Mimi niliinama kutafuta soksi. Nikaficha. Haya, nimesema."

Bakari akajishika kichwa. Njeri akaanza kumtafsiria Ummu Saad, na nilisikia sauti yake inatetemeka kwa kicheko alichokimeza. Zaina alinitazama. Akamtazama mtoto. Akainua kile kisigino, akakigeuza, akakitazama kama anavyotazama vidonda hospitalini. Sisi wote tukasubiri. Hata ndege mmoja alishusha mguu.

"Mtambo," akasema.

"Nisamehe, mke mwenzangu."

"Salma Mtambo." Mdomo ukaanza kumcheza pembeni. "Pampu kazaa Mtambo. Bibi, wewe ulitarajia nizae nini, waridi?"

Akacheka mpaka akakaa chini majini na nguo zake. Nikakaa naye. Salma akabaki katikati yetu anapiga maji mateke.

Ummu Saad akasema kitu kirefu kwa sauti kubwa, akinyoosha kidole, kwanza kwenye ziwa, kisha kule tulikotoka.

"Shosho, anasema hivi," Njeri akasema. "Anasema zamani hapa watu walikuwa wanapita wameziba pua. Samaki hakuna, ndege hakuna. Hii ziwa imekuja sababu ya ile mitambo. Anasema ziwa inakaa tu hapo kama mke wa tatu, inangoja kuletewa. Mwenye anafanya kazi ni Mtambo. Anasema jina ni poa, na saa hii mtoke kwa maji kabla mzazi ashikwe na baridi, wali umepoa."

Tukatoka, tukala. Zaina alikula kama wachimba kisima wawili. Aliandika jina lote nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto, kwa kalamu, Salma Bakari Mtambo, akalirudia mara mbili kwa sauti kuona linavyokaa mdomoni. Ummu Saad alinikabidhi birika moja nzima niondoke nayo, na nilipotaka kukataa alinionyesha kikombe, nikakubali haraka.

Tulirudi kwa njia ile ile, jua bado liko juu ya miamba. Tulipokaribia vile vidimbwi Bakari akapunguza mwendo bila kuambiwa. Zaina akafungua mkanda, akamnyanyua mtoto mpaka kwenye kioo.

"Salma," akasema, "salimia jina lako."

Salma akatazama, akafumba jicho moja, akacheulia maziwa kioo kizima.